Jina la Kumnyamazisha Zablon

Zablon alikuwa mtoto wa kulia. Sisemi kulia kwa kawaida, kule kwa mtoto aliyelowa au anayetaka ziwa. Nasema kulia kwa hasira, miguu imekunjwa, uso umeiva, mpaka majirani wanagonga ukuta. Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za reli pale Nakuru, zile tulizoita landi, chumba kimoja kila familia na ukuta mmoja kwa watu wawili. Ukikohoa, jirani anakuambia pole. Sasa fikiria mtoto anayeanza kulia honi ya karakana ikilia asubuhi, na honi ya jioni inamkuta bado yuko kazini.

Mimi naitwa Achola. Mume wangu Owino alikuwa fundi wa boila, mtu mpole kupita kiasi. Mimi upole sikupewa, na sijawahi kuutafuta. Tulifaana hivyo hivyo. Yeye alikuwa akisema "tutaona," na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaona zamani.

Huyo Zablon alikuwa wa kwanza wetu. Alikuwa na miezi kama minne hivi, siku moja namfungua nepi akiwa analia, nikaona kitu kimejitokeza upande wa kulia, pale paja linapokutana na tumbo. Uvimbe laini, ukubwa wa yai la njiwa. Nikakaa kitako. Nikamnyonyesha, akatulia, nikaangalia tena: hakuna kitu. Nikajiambia macho yangu yamechoka. Kesho yake akalia, ukarudi. Nikaugusa kwa kidole, ukatoa sauti ndogo kama ya maji, ukaingia ndani. Nilimfunga nepi haraka haraka, kana kwamba nikiufunika vizuri hautajua njia ya kutokea. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa nakasirika, kwa hivyo siku hiyo kila mtu aliyepita mlangoni kwangu alipata yake.

Nabalayo ndiye ambaye hakujali hasira zangu. Alikuwa jirani wa ukuta wa kushoto, Mbukusu wa kule Kimilili, mwanamke mnene wa kucheka. Mume wake alikuwa kwenye treni za mizigo, leo Eldoret, kesho Kisumu, kwa hivyo Nabalayo alikuwa na nafasi ya kitanda na nafasi ya maneno. Nikamwonyesha mtoto.

"Huo ni mshipa," akasema. "Mjomba wangu alikuwa nao. Alizeeka nao."

"Alizeeka vizuri?"

"Alizeeka akitembea polepole."

Wangeci wa chumba cha mbele naye akaja kuangalia. Binti yake alikuwa na kitovu kilichojitokeza kama kidole gumba, na Wangeci alikuwa amekikandamiza kwa senti kumi, ile sarafu ya tundu katikati, akaifunga na kitambaa kuzunguka tumbo. Akanishauri nifanye vivyo hivyo. Nikamwuliza, sarafu itakaa vipi pajani kwa mtoto anayepiga mateke namna hii? Akaniachia kitambaa.

Owino alisema tutaona. Kisha, bila kuniambia, akatuma habari nyumbani kwao Alego kupitia kwa mtu wa treni. Alitaka mama yake ajue tu. Jibu halikuja. Alikuja mama mwenyewe, na kuku mmoja kwenye kikapu na majina ya ukoo mzima kichwani.

Mama mkwe wangu sitamtaja jina hapa mwanzoni, kwa sababu kwetu mke hamwiti mama wa mume wake kwa jina. Mimi nilimwita Mama, watu wa landi walimwita mama Owino, naye aliniita Nyar Gem, yaani binti wa Gem, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa. Na kwetu tena mama halali nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Chumba chetu kilikuwa kimoja, hata kama desturi ingeruhusu angelala wapi? Nabalayo akasema, "Nileteeni huku, kitanda kiko." Ndivyo Mama alivyokuwa mgeni wa mwanamke wa Kibukusu, na shida yetu nusu ilitoka hapo.

Alimsikiliza mtoto akilia kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai. "Huyu hajapewa jina lake," akasema.

"Anaitwa Zablon, Mama. Mchungaji amembatiza."

"Hilo ni la mchungaji. Nauliza la watu wake."

Kwetu Wajaluo mtoto akilia bila kunyamaza, watu husema kuna mtu wa ukoo aliyekufa ambaye anataka kukumbukwa, na jina lake ndilo mtoto analolilia. Basi anatajiwa majina, moja moja. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Hata mimi nililelewa hivyo, sicheki.

Mama alitandika mkeka sakafuni, akaketi, akainua magoti. Akamlaza Zablon kichali juu ya mapaja yake, lakini kinyume na vile mimi ninavyomlaza: kichwa chini karibu na tumbo lake, makalio juu magotini. Miguu ya mtoto akaikunja kwa mkono mmoja, na kwa kiganja cha mkono wa pili akawa anamsugua tumbo taratibu. Akaanza kuita. Akamwita baba mkwe wake, mtoto akalia. Akamwita ndugu ya baba mkwe, mtoto akalia. Alipofika kwa Obura, yule aliyechukuliwa kubeba mizigo kwenye vita vya Wajerumani asirudi, Zablon akashusha pumzi, akanyamaza, akamtazama bibi yake kwa macho ya mviringo.

"Obura," Mama akasema, na machozi yakamtoka. "Tulijua hajatulia huko aliko."

Mimi nilifurahi kuliko yeye. Nyumba ilikuwa kimya, na nilikuwa nimesahau kimya kinafananaje. Nilipomfungua nepi uvimbe haukuwepo.

Kesho yake Obura alilia kama Zablon. Mama akasema labda Obura alikuja kusalimu tu. Akaketi tena, akamlaza vile vile, akaita tena, na mtoto akatulia kwa Nyangweso, mzee aliyekuwa na ng'ombe wengi na matusi mengi. Siku iliyofuata akatulia kwa Ogola. Baadaye akarudi kwa Nyangweso. Nabalayo akaniambia mtoto wangu karibu atatosha kuwa timu ya mpira peke yake. Mama hakucheka. Kila mara mtoto akinyamaza, mimi nilikuwa nafungua nepi na kukuta uvimbe umeingia. Nililiona hilo, lakini sikujua lipi linatangulia lipi.

Siku moja nikasema imetosha. Owino alipoondoka kwenda kazini, nikambeba mtoto mgongoni kwenda hospitali. Kabla sijafika mwisho wa safu yetu ya nyumba, wanawake wa landi walikuwa wameshanipa maswali ya kumpelekea daktari, kila mmoja lake, maana kwenda kupanga foleni ilikuwa kazi ya siku nzima na hakuna aliyetaka kupoteza safari ya mwenzake.

Daktari alikuwa Mhindi, mwembamba, miwani imeteleza puani, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani. Alimlaza Zablon mezani, akamsubiri alie. Zablon hakumwangusha. Daktari akautazama uvimbe, akaubonyeza kwa vidole viwili, akaangalia korodani za mtoto, upande huu na upande ule.

"Hii ngiri," akasema. "Mtoto akiwa tumboni kwa mama iko na mlango kidogo hapa. Kabla kuzaliwa mlango nafunga. Yake hapana funga. Sasa utumbo napita, natoka nje kuangalia dunia."

"Ni kwa sababu nilibeba maji nikiwa na mimba?"

"Hapana. Beba maji, beba kuni, hiyo hapana leta ngiri."

"Ni kwa sababu analia sana?"

"Kilio nasukuma tu. Mlango ulikuwa wazi tangu zamani. Tena mama, huyu ngiri nauma, kwa hivyo yeye nalia. Yeye nalia, ngiri natoka zaidi."

Nikamwuliza kama nikifunga kitambaa itapona. Akasema hapana. Nikamwuliza kama akikua itajifunga yenyewe. Akasema ya paja haijifungi, hata ukisubiri mpaka aote ndevu, lazima ishonwe. Hapo nikamkumbuka Wangeci, nikauliza kuhusu kitovu cha binti yake. Daktari akacheka kidogo. Kitovu ni mambo mengine kabisa, akasema, kile kwa watoto wengi hujifunga chenyewe kabla ya kwenda shule, mwambie atoe hiyo sarafu kabla haijamchuna ngozi. Nikashangaa kwamba vitu viwili vinavyofanana hivyo, kimoja ni cha kuachwa na kingine ni cha kukatwa.

"Ataumia?"

"Tutampa dawa ya kunusa, atalala. Asubuhi hiyo hapana nyonyesha yeye, tumbo lazima iko tupu. Akiamka, mpe ziwa."

"Nisimnyonyeshe? Huyu? Daktari, utamsikia ukiwa nyumbani kwako."

"Nitasikia," akasema. Nikampenda kidogo kwa hilo.

Akaniambia nirudi Jumanne. Halafu akavua miwani, akasema neno ambalo alilisema polepole ili lisinipite. Uvimbe ukitoka ukawa mgumu, ukakataa kurudi, mtoto akatapika, nisingoje Jumanne wala nisingoje mtu. Nije nikikimbia, kwa sababu utumbo ukibanwa pale unaweza kufa, na mtoto pamoja nao.

Nilirudi landi nimeshiba majibu. Niliwakuta Mama na Nabalayo wamekaa nje wakichambua mboga, nikawaeleza yote. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Wamkate," akasema. "Wamkate wapi?"

Nikamwonyesha pajani kwangu, juu ya nguo.

Nabalayo, Mungu ambariki na ule mdomo wake, akaangua kicheko. "Karibuni kwetu! Mama Owino, sasa mjukuu wako ni mtu wetu. Nitamtafutia kengele na ng'ombe, nami nitamwimbia mwenyewe mpaka asubuhi."

Ilikuwa utani. Wabukusu wanatahiri wavulana wao na sisi Wajaluo hatutahiri, na hapo landi watu walitaniana juu ya jambo hilo kutwa. Mimi nilishamjibu Nabalayo mara nyingi, na majibu yangu mengine hayafai kuandikwa. Lakini Mama alikuwa ametoka Alego juzi. Aliweka mboga chini. Akaanua nguo za Zablon kwenye kamba, akaingia kwa Nabalayo, na nilipomfuata nikamkuta anazipanga ndani ya kikapu alichomletea kuku.

"Mtoto wangu hatakatwa uanaume na Mhindi," akasema. "Tutapanda treni kesho. Kule nyumbani nitampata jina lake na atanyamaza."

"Mama, si kutahiri. Ni ngiri."

"Umenionyesha mwenyewe mahali penyewe. Nyar Gem, mimi ni mzee lakini najua nini kiko hapo."

Nilimweleza mlango, nikamweleza utumbo. Nilikuwa naeleza kwa sauti ya juu, na mtu akielezwa kwa sauti ya juu anazidi kukataa. Owino aliporudi, uso mweusi wa masizi, tukamwangukia sote wawili. Alinawa mikono muda mrefu sana. Kisha akasema Mama asipande treni, na mimi nisiende Jumanne, tusubiri kidogo, tutaona.

Hayo maneno nilimjibu vizuri. Nilimwambia kama mtoto huyu atakufa akingoja yeye aone, basi afadhali anioneshe mapema kaburi anataka wapi, Nakuru au Alego. Nilimwona anaumia, na bado sikuyarudisha maneno yangu. Nilikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na watu wawili ninaowaheshimu walikuwa wamesimama kati yake na daktari.

Jumapili tulitoka kanisani jua likiwa kali, vumbi jeupe la ziwa likipeperuka mpaka kwenye sahani. Zablon alianza kulia tukiwa mlangoni kwetu. Nilidhani ni kilio cha kila siku. Halafu akatapika. Nikamvua nepi: uvimbe ulikuwa umesimama, mwekundu, mgumu. Nikaugusa, akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nikaubonyeza kidogo, haukuingia. Haukutoa ile sauti ya maji.

Sikumwita mtu. Nilimfunga kifuani na shuka nikaondoka mbio bila viatu. Nilipita mbele ya Mama aliyekuwa ananyoosha mikono, "Mlete, Nyar Gem, mlete nimwitie," nikampita kama mti. Owino alinifikia njiani na baiskeli ya kuazima, nikakaa nyuma, akaendesha bila kusema tutaona. Nyuma yetu, nikigeuka, nilikuwa namwona Nabalayo amemshika Mama mkono, wanakuja nusu mbio, nusu matembezi, vitambaa vya kichwa vimeteleza.

Yule yule daktari ndiye aliyekuwepo. Akampa mtoto matone ya dawa ya kumtuliza, akasubiri, akajaribu kuurudisha uvimbe. Zablon alijikaza kama ubao. Daktari akajaribu tena. Jasho lilikuwa linamdondokea kwenye miwani.

"Akilia yeye nakaza tumbo, mimi hapana weza," akasema. "Sikia. Kama inarudi, ni vizuri, nangoja uvimbe upoe, halafu nashona polepole, vizuri. Kama hapana rudi, nakata sasa hivi. Utumbo iko vimba, ni hatari zaidi. Mimi nataka mtoto nyamaza. Nani naweza nyamazisha yeye?"

Mimi mama yake nilikuwa nimemshika, nikambembeleza, akazidi kukaza tumbo. Owino akatazama mlangoni. Mama alikuwa amefika, anahema, ameshika ukingo wa mlango.

"Nipeni," akasema.

Nilimpa. Sijui kama nilimpa kwa imani au kwa kuishiwa. Aliketi chini pale pale, kwenye saruji ya hospitali, mgongo ukutani, akainua magoti. Akamlaza kichali, kichwa chini tumboni kwake, makalio juu. Akamkunja miguu. Kiganja kikaanza kuzunguka tumboni. Akaanza kuita, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayezungumza na watu walio chumba cha pili. Obura. Nyangweso. Ogola. Akaenda nyuma zaidi, kwa watu ambao hata Owino hakuwajua. Zablon akalia, kisha akalia kidogo, kisha ikabaki kwikwi. Daktari akapiga magoti mbele yao na suruali yake safi, akaweka vidole viwili pale pajani, akavituliza hapo tu, bila haraka.

Sote tulisikia. Ile sauti ndogo ya maji.

Daktari akakaa kwenye visigino vyake. Akafuta miwani kwa shati, akamtazama Mama.

"Nani nafundisha wewe kulaza mtoto hivi?"

Nabalayo akatafsiri kwa Kijaluo chake cha landi. Mama akasema ni mama yake. Mtoto akiitiwa majina hulazwa hivyo, ili awe anamtazama anayemwita, na huyu amemlaza hivyo kila siku.

"Makalio juu, miguu kunja, tumbo legea," daktari akasema. "Mimi nafundishwa hivyo hivyo, Bombay. Mama, wiki yote wewe ndio narudisha hii ngiri."

Hapo nikaelewa, na nikajiona nimekuwa kipofu na macho yangu mawili. Haikuwa Obura. Haikuwa Nyangweso. Lakini bila Obura na Nyangweso asingemlaza vile, na bila kumlaza vile sijui leo ningekuwa nasimulia nini. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumgombeza, na sikufanya lolote kati ya hayo, nikaketi chini kando yake kwenye saruji.

Daktari akasema mtoto alale hospitali, na Jumanne amshone. Mama akamkumbatia Zablon kwa mikono miwili. Akamwambia Nabalayo atafsiri, tena atafsiri sawasawa. "Mwulize, anataka kukata uanaume wa mjukuu wangu?"

Nabalayo alifungua mdomo kumwuliza daktari. Kisha akaufunga. Alichuchumaa mbele ya Mama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake haukuwa na kicheko hata chembe.

"Mama Owino, swali hilo usimwulize Mhindi, niulize mimi. Sisi ndio tunaojua kutahiri. Huyu ana miezi mingapi? Kwetu kijana hutahiriwa akiwa amekua. Anazunguka na kengele kuwaalika wajomba zake. Anapakwa matope mtoni. Anasimama mbele ya watu bila kupepesa jicho. Huyu wako atasimama vipi, kuketi tu hajui? Atamwalika nani, na hana jino? Hata sisi tunaokata, mtoto mchanga hatumgusi. Angetahiriwa namna hiyo, watu wetu wangesema amedanganya. Nilikuwa nakutania, mama. Nimekutania vibaya."

Mama alimtazama mtoto. Aliangalia ile miguu iliyokunjwa, ule mdomo mtupu. Niliona anafikiri, anampima mjukuu wake akiwa amesimama mbele ya Wabukusu na matope mwilini, na niliona wakati ule ule hesabu ilipokataa.

"Kweli," akasema taratibu. "Hawezi kusimama."

"Hawezi," Nabalayo akasema.

"Basi mwulize swali la pili. Mwulize kama akishonwa hapo, atazaa."

Nabalayo akamwuliza, na hilo daktari akalijibu. "Atazaa, mama. Tukiacha bila kushona, hapo ndipo hatari iko. Tukishona, atazaa."

"Nitajuaje kama unasema kweli?"

Daktari alifikiria. "Utangoja," akasema.

Mama akakubali jibu hilo. Nadhani lilimpendeza kuliko yote niliyoleta mimi. Akamgeukia Owino, akamwambia ampe daktari neno lake, na Owino akalitoa papo hapo, kwa sauti kubwa ambayo sikujua kama anayo.

Jumanne alfajiri sikumnyonyesha, na Zablon alilia hospitali nzima ikamjua. Wakampeleka. Tuliketi kwenye benchi sisi watatu wanawake, na Owino akasimama, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa Nabalayo. Waliporudi naye alikuwa anasinzia, ana kitambaa kidogo pajani. Mama hakungoja kuruhusiwa. Alimfunua nepi, akainama, akakagua kila kitu kilichopaswa kuwepo, kimoja kimoja, kama mtu anayenunua mbuzi. Kisha akamfunika, akashusha pumzi ndefu.

"Kipo chote," akatangaza, na wanawake wa wodi nzima wakacheka, na yeye akacheka nao.

Zablon aliacha kulia. Si kabisa, alikuwa bado mwanangu, lakini alilia kama watoto wengine. Nilimpa Wangeci jibu lake, akaitoa ile sarafu, na kitovu cha binti yake kikarudi ndani polepole kabla hajaanza shule. Mama alikaa nasi mpaka mvua, akilala kwa Nabalayo. Wakawa marafiki wa kutisha. Wakikaa nje jioni, mimi niliona heri nipite upande wa pili. Wanawake wa landi wakawa wanamletea watoto wao wanaolia, na nikamsikia akiwaambia, kabla ya kuita jina lolote, "Kwanza tumfungue nepi tuone." Akienda Alego na kurudi, kila mwaka alimtazama Zablon vile alivyokuwa anamtazama mahindi, kuona yamefika wapi. Zablon alipofikisha miaka kumi, alimwuliza mbele ya wageni ataoa lini.

Hakufika kuona. Alifariki Zablon akiwa bado anajifunza kazi kule Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe. Baadaye Zablon akamwoa Jeruto, msichana wa Eldama Ravine, na mwaka uliofuata wakaniita. Nikalala kwa jirani yao, maana desturi ni desturi, na asubuhi nikaingia nikakuta mjukuu wangu wa kike analia, miguu imekunjwa, uso umeiva.

Nilimpokea. Kwanza nilimfungua nepi, nikaangalia paja la kulia, nikaangalia la kushoto, nikaangalia kitovu. Hakukuwa na kitu, alikuwa mzima kabisa, alikuwa na hasira tu. Basi nikaketi sakafuni, nikainua magoti, nikamlaza kichali makalio juu, nikamkunja vile vimiguu. Nikawaita akina mama wa ukoo mmoja mmoja, na kila mmoja alipokelewa kwa kilio. Nikawamaliza wote ninaowajua. Likabaki jina moja, ambalo maisha yangu yote sikuwahi kulitamka kwa heshima ya mwenyewe.

"Awuor," nikasema.

Mtoto akashusha pumzi, akanyamaza, akanitazama kwa macho ya mviringo.

Jeruto akauliza Awuor ni nani. Nilimfunika mtoto miguu kwanza.

"Ni nyanya ya mume wako," nikamwambia. "Amekuja kuona kama daktari alisema kweli."